Mstari wa Thelathini na Tisa

Saa kumi na moja alfajiri simu ya ofisi
inachajiwa juu ya boksi la dripu.
Nje, mwalo wa Kirumba umeshaamka,
mizani inagongwa, barafu inapasuliwa,
dagaa wa jana wananuka jana.

Mimi ni mtu wa kuhesabu.
Sichomi sindano, sibebi mtu mgongoni.
Natafuta nani kaharisha maji ya mchele
kuanzia Igombe hadi Ukara,
naandika jina, umri, mwalo, siku ya dalili,
kisha napiga ng'ambo.

Ng'ambo ni Nakimuli wa Kalangala
na Odera wa Mbita, mwenye kikohozi cha sigara.
Uso wa Nakimuli siujui. Jogoo wake namjua.

Dagaa ni huyu huyu mmoja:
kwangu dagaa, kwa Odera omena, kwa Nakimuli mukene,
na hatujawahi kugombana juu yake.
Tunagombana juu ya neno *mgonjwa*.
Kwangu, aliyeharisha mara tatu kutwa tayari ni mgonjwa.
Kwa Odera, mpaka maabara iseme.
Kwa hiyo yeye ana tisa, mimi thelathini na nane,
na wakubwa wanauliza Mwanza kuna nini.

Leo tumekuta mmoja tuliyemla mara mbili:
kijana wa injini, kwangu Magesa, kwa Nakimuli Moses,
kovu lile lile la propela kwenye goti.
Nakimuli akamfuta kwake. Tukacheka,
mara ya kwanza tangu Jumapili.

Halafu jogoo akawika, na Nakimuli hakucheka tena.
"Kuna mama," akasema,
kwa Kiswahili chake kinachokanyaga mawe pole pole.
"Alipanda boti huku, usiku. Kwenu amefika?"

Amefika. Nimemwona.
Nyamisi Bwire, mchuuzi, arobaini na kitu,
chini ya turubai la bluu, kati ya magunia,
funguo za banda bado zimefungwa kwenye pindo la kanga.
Nahodha anasema alikata roho
pale mtandao wa kule ulipoisha
na wa huku haujashika.
Hiyo ndiyo anwani aliyonipa.

Fomu ina kisanduku: *Nchi*.
Kwao aliondoka hai. Kwetu hakufika hai.
Nikafungua ramani. Mpaka upo,
mwembamba, umenyooka,
umepigwa na rula ya mtu
ambaye hakulowa hapa hata kifundo cha mguu.

"Mwandike wewe," akasema Nakimuli.
"Mwandike wewe," nikasema,
na sote tulijua si roho mbaya.
Nikiongeza mstari mmoja, mwalo unafungwa;
wanaoanika dagaa hawali hadi mwisho wa mwezi.
Naye ana mwalo wake, na waanikaji wake.

Odera alikuwa kimya hata nikadhani salio limekata.
Akakohoa.
"Kwenye boti walikuwa wangapi?"

Kumi na wawili, pamoja naye.
Pipa moja la maji, kikombe kimoja.
Saba wako hapa, nyuma ya kamba, wananitukana.
Wanne walishuka njiani, wakachukua boti ya Musoma,
na kutoka Musoma, nahodha anasema, kwenda kwako.

"Basi ni wangu pia," akasema Odera,
yule asiyeandika mtu bila maabara.
Nikasikia kalamu yake.
Nikasikia na ya Nakimuli, au niliitaka niisikie.

Nami nikaandika. Mstari wa thelathini na tisa.
Mama amekufa mara moja, amehesabiwa mara tatu,
na mimi, mfuta marudio, nimemwacha.
Saa mbili mkuu ataniuliza. Sijui nitamjibuje.

Wanapulizia boti klorini.
Funguo nimezitia kwenye bahasha, nimeandika *banda*,
sijui banda lipi.
Nina namba za wale wanne.
Wawili wamepokea. Mmoja amekata.
Wa nne hapatikani kwa sasa,
napiga tena.